Chujio la Bwawa la Kuogelea: Tajiri Hununua, Mfanyakazi Huliendesha

Kutoka Kampala

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa nchi jirani, huenda mtashangaa kuona jarida la wafanyakazi likizungumza habari za mabwawa ya kuogelea ya majumbani. Mtasema hayo ni mambo ya matajiri, sisi yanatuhusu nini? Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo, mpaka siku moja alipoingia ofisini mwanachama wetu mmoja akiwa na karatasi tatu zenye picha za mitambo. Akaziweka mezani akasema, "Ndugu katibu, nisaidie. Hapa naona kazi yangu inaondoka, au mimi mwenyewe naondoka."

Mwanachama huyo ametunza mabwawa kwa miaka 11 katika majumba ya kilima cha Muyenga. Mwajiri wake wa sasa anajenga nyumba mpya yenye bwawa. Alimpa zile karatasi akamwambia, "Wewe ndiwe utakayekaa na mtambo huu. Niambie ninunue upi. Nataka jibu Jumatatu." Ni jambo jema mwajiri kuuliza, maana wengi hawaulizi. Lakini ndugu yetu aliona mitego miwili. Akichagua mtambo wa ghali ukaharibika, atakatwa mshahara. Akichagua unaojiendesha wenyewe, atakuwa ameandika kwa mkono wake barua ya kujifukuza kazi.

Tena alikuwa na kovu la zamani. Katika nyumba aliyofanyia kazi hapo awali, chumba cha pampu kilikuwa kimechimbwa chini ya ardhi, mlango wake ni mfuniko wa chuma, dirisha hakuna. Alipewa kopo moja tu la kupimia dawa zote. Asubuhi moja alichota tindikali kwa kopo hilo, kisha akalichovya katika ndoo ya klorini ya unga. Gesi ikatoka papo hapo. Alipanda ngazi kwa magoti, macho yakiwaka, kifua kimembana kama kilichofungwa kamba. Alilala hospitali siku nne. Aliporudi aliambiwa ni uzembe wake, na siku nne zile zikakatwa katika mshahara.

Basi tuliketi pamoja yeye, mimi na wanachama wengine wawili wa kazi hiyohiyo, tukaandika majibu yetu. Nimeyaweka hapa kwa sababu naamini wako wenzetu Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, Kigali na Bujumbura ambao watapewa karatasi kama zile, au hawatapewa kabisa na mtambo utaletwa tu.

KAZI YA CHUJIO

Kwanza tuelewe chujio linafanya nini na halifanyi nini. Pampu huvuta maji kutoka bwawani kupitia mdomo wa ukutani unaomeza majani na kupitia tundu la chini. Maji hupita katika kikapu cha pampu kinachozuia majani na nywele, kisha husukumwa ndani ya chujio, halafu hurudi bwawani yakiwa yamepungua uchafu.

Chujio huondoa uchafu, lakini haliui vijidudu vya maradhi. Hiyo ni kazi ya dawa, na mara nyingi dawa hiyo ni klorini. Hata hivyo mambo haya mawili yamefungamana. Maji yenye uchafu mwingi hula klorini nyingi. Kwa hiyo chujio baya humfanya mfanyakazi ashike dawa mara nyingi zaidi, na kila mara anaposhika dawa yumo hatarini. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya chama kujali chujio gani linanunuliwa.

AINA TATU ZA MACHUJIO

Machujio ya majumbani ni ya aina tatu: la mchanga, la katriji na la unga.

Chujio la mchanga ni tangi la plastiki ngumu au nyuzi za kioo, ambalo sehemu yake kubwa limejazwa mchanga. Maji huingia juu, hupenya mchangani na kutoka chini yakiwa yameacha uchafu. Huzuia vipande vya ukubwa wa mikroni 20 hadi 40. Mikroni moja ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara 1,000, na unywele wa mtu una unene wa mikroni zipatazo 70. Tangi lenye upana wa sentimita 60 huchukua kilo 130 hadi 150 za mchanga, nao hudumu miaka 5 hadi 7 ukitunzwa vizuri. Mchanga wenyewe si kama ule wa kujengea tunaouona ukipakiwa Lwera katika barabara ya Masaka. Ule una udongo, na punje zake hazilingani. Unaotakiwa ni mchanga safi wa silika uliochekechwa, wenye punje za karibu nusu milimita.

Chujio la katriji lina mtungi ambao ndani yake mna bomba la kitambaa kigumu kilichokunjwakunjwa kama feni ya karatasi. Huzuia uchafu wa mikroni 10 hadi 20, yaani hulishinda la mchanga. Likichafuka, hufunguliwa, kitambaa kikatolewa na kuoshwa kwa mpira wa maji, kunjo baada ya kunjo. Halipotezi maji mengi na halihitaji pampu yenye nguvu nyingi. Ubaya wake ni kwamba kitambaa huchakaa baada ya miaka miwili au mitatu, na kipya huagizwa kutoka nje. Kisipopatikana, bwawa hulala. Tena mtu ndiye anayeosha, si mtambo. Kwa bwawa kubwa ni kazi ya saa nzima, umeinama, povu la uchafu likikurukia usoni.

Chujio la unga hutumia unga mweupe uliotokana na mabaki ya viumbe vidogo vya majini vilivyokufa zamani sana, uitwao daitomi. Unga hupakwa juu ya vitambaa vilivyomo tangini. Hilo ndilo lisafishalo kuliko yote, kwa kuwa huzuia mpaka mikroni 3 hadi 5, na maji huwa kama kioo. Muuzaji atalisifu sana. Lakini kila linapooshwa, unga wa zamani hutoka na mfanyakazi hana budi kumimina mpya. Unga wa mabwawa huwa umechomwa kwa moto mkali, na kuchomwa huko hugeuza sehemu ya silika yake iwe ya fuwele. Vumbi la silika ya fuwele likivutwa huleta ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi, ambao hauna dawa ya kuuponya. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini katika kundi la vitu vinavyosababisha kansa kwa hakika. Wachimba migodi na wachonga mawe wanaujua ugonjwa huo. Hatuna sababu ya kumletea mtunza bustani ugonjwa wa mgodini ili maji yang'ae kidogo zaidi.

Kwa haki niseme pia kwamba mchanga wa chujio nao ni silika. Tofauti ni kwamba hukaa ndani ya tangi ukiwa umelowa, na hubadilishwa mara moja katika miaka kadhaa. Siku hiyo ya kuubadilisha, magunia yalowanishwe kabla ya kumwagwa, na mtu avae barakoa nzuri ya vumbi.

VUMBI JEKUNDU LA KAMPALA

Muuzaji alimwambia mwajiri kwamba chujio la mchanga halitafaa hapa kwa sababu ya vumbi letu jekundu, ambalo ni laini na hupenya. Ni kweli vumbi hilo hupenya, hasa baada ya mvua kubwa ya kwanza, bwawa linapogeuka rangi ya chai ya maziwa. Lakini dawa yake ipo, na ni ya bei ndogo: shabu, ileile ambayo wazee wetu walitumia kutuliza maji ya mtoni.

Ndugu yetu anafanya hivi. Hupima kwanza kipimo cha pH ya maji na kukisawazisha, huyeyusha shabu katika ndoo ya maji, huitawanya bwawani jioni, huacha maji yazunguke muda mfupi bila kupita mchangani, kisha huzima pampu usiku kucha. Asubuhi tope lote limelala sakafuni. Halafu hulifyonza taratibu na kulitoa nje moja kwa moja kwa njia ya "kumwaga", bila kulipitisha kwenye chujio. Likipita kwenye mchanga litauziba. Kazi hiyo yataka utulivu, kwani ukiburuta brashi kwa haraka tope huinuka tena na siku imepotea.

HESABU YA UKUBWA

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hununua pampu kubwa na tangi dogo kwa kudhani nguvu ndiyo usafi. Maji yakipita kwa kasi mno mchangani hubeba uchafu na kutokea nao upande wa pili.

Tulifanya hesabu ya bwawa lile. Urefu mita 10, upana mita 5, kina cha wastani mita 1.4. Zidisha: ni mita za ujazo 70, yaani lita 70,000. Bwawa la nyumbani yafaa maji yake yote yapite kwenye chujio katika muda wa saa 6 hadi 8. Tuchukue saa 8: lita 70,000 gawanya kwa 8 ni karibu lita 9,000 kwa saa, yaani mita za ujazo 9.

Sasa tangi. Tangi la upana wa sentimita 60 lina uso wa mchanga wa mita ya mraba 0.28. Tisa gawanya kwa 0.28 ni 32. Maana yake maji yanateremka mchangani kwa kasi ya mita 32 kwa saa, nayo ni kasi nzuri. Tangi la sentimita 50 litatoa kasi ya 46, karibu na mwisho unaokubalika wa 50. Tangi la sentimita 40, lile lililokuwa la bei ndogo katika karatasi zile, litatoa kasi ya zaidi ya 70. Hilo halitachuja, litazungusha uchafu tu, na lawama itamwangukia mfanyakazi.

Mwajiri akitaka katriji, kwa maji hayohayo achukue yenye kitambaa cha mita za mraba zipatazo 10 ili isizibe upesi na kuoshwa kila wiki.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba maji yakizunguka mara moja haina maana kwamba yote yamechujwa. Maji safi hurudi na kuchanganyika na machafu, kwa hiyo katika mzunguko wa kwanza ni kiasi cha asilimia 63 tu ya maji ambayo yamepita kwenye chujio. Mizunguko minne hufikisha asilimia 98. Mwajiri anayefungua pampu saa mbili kwa siku ili kupunguza bili, kisha akamgombeza mtu kwa maji ya kijani, amgombeze mwanahesabu wake.

Kuhusu umeme, pampu ya wati 750 ikifanya kazi saa 8 hula yuniti 6 kwa siku, yaani 180 kwa mwezi. Siku hizi kuna pampu za kubadili mwendo. Ukipunguza mwendo nusu, maji hupungua nusu, lakini umeme hushuka mpaka karibu sehemu moja ya nane. Hata ukiiendesha kwa muda mara mbili, bado umeme ni kama robo. Pampu hizo ni ghali siku ya kununua, lakini mwenye kulipa bili atashukuru. Tulimwandikia hivyo, maana kumpa mwajiri ushauri unaomwokolea fedha si kosa. Humfanya asikilize na yale mengine.

MADUMU 30

Chujio la mchanga huoshwa kwa kurudisha maji nyuma: vali hugeuzwa, maji huingia kwa chini, mchanga huinuka na uchafu hutolewa nje. Hufanyika dakika 2 au 3 mpaka maji yanayoonekana katika kioo kidogo yawe safi, kisha dakika moja ya kusuuza. Kwa pampu ya lita 9,000 kwa saa, dakika 4 ni lita 600. Hayo ni madumu 30 ya lita 20, au majerikeni kama tunavyoyaita huku. Aliyepanga foleni kwenye bomba la mtaa anajua madumu 30 ni nini.

Kwa sababu hiyo msioshe kila siku ati kwa kuwa bosi anapenda kusikia mtambo ukinguruma. Mchanga wenye uchafu kidogo huchuja vizuri kuliko uliooshwa sasa hivi. Tazameni geji. Andikeni ukutani namba inayosoma baada ya kuosha. Ikipanda pauni 8 hadi 10 juu ya hapo, ndipo muoshe.

Tena maji hayo yaende wapi? Yana klorini na tope. Yasimwagwe kwenye bustani ya jirani wala barabarani. Mifereji mingi ya mji wetu huishia katika Mfereji wa Nakivubo, nao humwaga katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Kandokando ya ghuba hiyo, pale Ggaba, ndipo ilipo mitambo ya maji ya bomba ya Kampala. Mwajiri ajenge shimo la kupokea maji hayo, klorini ipungue kwa jua, kisha yatumike au yaelekezwe mahali panaporuhusiwa.

USALAMA WA ANAYEENDESHA

Mambo haya tuliyaandika kwa herufi kubwa.

Vali isigeuzwe kamwe pampu ikiwa inazunguka. Zima, geuza, washa. Ukigeuza maji yakiwa na nguvu unaweza kupasua mpira wa ndani au vali yenyewe.

Hewa iliyobanwa katika tangi ni hatari. Kabla ya kuwasha pampu fungua koki ndogo ya hewa iliyo juu, simama mbali na mfuniko, na ufunge koki maji yanapoanza kutoka. Kuna mifuniko iliyoruka kwa sababu mshipi wake haukukazwa.

Umeme na maji si marafiki. Pampu iwe na waya wa ardhi, na kuwe na swichi inayokata umeme wenyewe unapovuja, ya miliampea 30.

Tundu la chini la bwawa lisiwe moja peke yake. Pampu ikivuta katika tundu moja inaweza kumnasa mtoto asiweze kuinuka. Mwaka 2002 mtoto wa miaka 7 huko Marekani, Virginia Graeme Baker, alikufa kwa namna hiyo, na mwaka 2007 nchi hiyo ikatunga sheria yenye jina lake. Yawekwe matundu mawili yaliyoachana mita moja au zaidi, yenye mifuniko ya usalama. Watoto wa tajiri wataoga humo, na wa kwetu pia siku watakapokuja kututembelea.

Klorini na tindikali visikae rafu moja, wala visishirikiane kopo. Klorini ya unga na ile ya vidonge vikubwa nazo zisichanganywe, zinaweza kuwaka au kulipuka. Dawa hutiwa kwenye maji, maji hayatiwi kwenye dawa. Kama kuna vipampu vidogo vinavyoingiza dawa vyenyewe, vifungwe kwa namna ambayo pampu kubwa ikisimama navyo visimame. Visiposimama, tindikali na klorini hukutana ndani ya bomba lenye maji yaliyotulia, na pampu ikiwashwa gesi hutokea bwawani. Katika mji ambao umeme hukatika na kurudi, na fyuzi huruka, jambo hili si la kuachia bahati.

Barakoa ya vumbi haizuii gesi. Ukisikia harufu kali, acha kila kitu utoke, uende mahali palipoinuka na penye upepo safi. Osha macho kwa maji mengi dakika 15. Nenda hospitali hata ukijiona umepata nafuu, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini kama maji shimoni. Kwa hiyo chumba cha pampu kisichimbwe chini ya ardhi. Kijengwe juu, na matundu ya hewa yawe pande mbili, karibu na sakafu. Kwa maoni yetu jambo hili ni kubwa kuliko aina ya chujio.

HAKI ZETU ZIMEANDIKWA

Haya hatuyaombi kama zawadi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi fedha yoyote. Kifungu cha 13 kinamlinda mfanyakazi anayeondoka mahali penye hatari ya karibu na kubwa kwa maisha yake. Mkataba namba 189 wa mwaka 2011, unaohusu wafanyakazi wa majumbani, unasema kila mmoja wao ana haki ya mahali salama pa kazi. Na mwezi Juni 2022 shirika hilo liliingiza usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi ambazo nchi wanachama zote zinapaswa kuziheshimu. Hapa Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayomtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila kumtoza mfanyakazi. Glavu, miwani ya kinga na gambuti si vitu vya kununua kwa posho ya nauli.

JE, MTAMBO UTATUFUKUZA?

Swali hili ndilo lililomleta ndugu yetu ofisini. Nilimjibu nilivyoona. Hakuna chujio linalojua kwamba mvua ya jana imeleta tope. Hata mashine zile zinazotambaa sakafuni na kufyonza hutaka mtu wa kuzitoa na kumwaga uchafu wake. Kinachomfukuza mtu ni mwajiri kudhani kwamba kazi hiyo haina ujuzi. Ukimwonyesha hesabu ya lita na mita, hatasema tena kwamba wewe ni mtu wa kufyeka majani tu.

Lakini ujuzi usiolipwa nao ni mtego. Mtu anayepima dawa, anayeendesha pampu na kutunza maji ambamo watoto wanaoga, anafanya kazi ya fundi. Jambo hili nalo tuliliandika, mwishoni mwa karatasi.

JIBU LA JUMATATU

Ndugu yetu aliipeleka karatasi. Alitaka nimsindikize nikakataa, nikamwambia aende mwenyewe kwanza, kwa sababu aliyeulizwa ni yeye. Alipendekeza chujio la mchanga, tangi la sentimita 60, pampu ya kubadili mwendo, matundu mawili ya chini, na chumba cha pampu juu ya ardhi. La unga alilikataa na sababu akazieleza.

Mwajiri alisoma yote akiwa amesimama. Kuhusu chujio alikubali siku ileile. Kuhusu chumba alibisha, kwa kuwa mchoro ulikuwa umekwisha na mkewe hakutaka kibanda kionekane bustanini. Ndugu yetu akamweleza habari za lile kopo na siku nne za hospitali. Alisema hakuwa amepata kumsimulia mwajiri yeyote jambo hilo, kwa kuogopa kuitwa mzembe mara ya pili. Wiki iliyofuata mchoro ulibadilishwa. Kibanda kimejengwa nyuma ya ua wa michongoma, kina matundu ya hewa chini pande mbili, rafu mbili zilizoachana, na makopo mawili, moja jekundu, moja jeupe.

Suala la mshahara mwajiri alisema atalifikiria. Bado analifikiria. Safari hiyo nitamsindikiza.

Ndugu wafanyakazi wa mabwawa, popote mlipo, kesho asubuhi kabla ya kuwasha pampu jiulizeni maswali matano. Chumba hiki kina hewa chini? Makopo ni mawili? Geji inasoma ngapi? Umeme ukivuja utakatika? Na nikianguka humu ndani, nani atajua? Majibu yakiwa mabaya, msiyafiche. Yaandikeni, myapeleke kwa mwajiri na kwenye chama. Mtu mmoja hunyamazishwa kwa neno moja, wengi hawanyamazishwi.

Umoja ni nguvu.